Namba Moja Ni Nani, na Aliyehesabu Alisimama Wapi?

Kuna aina moja ya maandishi ambayo Watanzania wengi wanaisoma kwa hamu kuliko riwaya, lakini sijaona akihakikiwa mwandishi wake hata siku moja. Ni orodha ya vipaji. Unaijua. Vijana kumi wa kuwaangalia msimu huu, madogo watano watakaotikisa Bongo, nyota ishirini wa kesho. Inakuja na picha ya dogo kavaa jezi iliyomzidi mabega, umri wake, nafasi anayocheza, kisha sentensi mbili tatu za kumsifia. Namba moja juu, namba kumi chini. Kesho yake kijiweni watu wanabishana mpaka kahawa inapoa.

Mimi ni mwandishi wa habari, naishi Mpanda, na soka la vijana ndilo soka ninalolipenda kuliko lile la Jumamosi usiku kwenye televisheni. Orodha hizi nazisoma zote. Leo nataka tuzisome hapa kama tunavyosoma hadithi fupi, kwa maswali yaleyale tuliyoyazoea kwenye ukurasa huu: nani anasimulia, anajua nini, na lugha yake inafanya kazi gani.

Hoja yangu ni hii. Watu wengi wanazilaumu orodha kwa sababu zinakosea kutabiri. Huko ni kuzionea. Kumtabiria mtoto wa miaka 16 ni kama kulima kwa kutegemea wingu: hata mkulima hodari anakosa. Lawama halali ni nyingine. Msimulizi wa orodha hatuambii alikuwa amesimama wapi alipokuwa anatazama, na tusipolijua hilo hatuwezi kujua namba yake ina uzito gani.

Tuanze na lugha. Ukizisoma orodha zetu kumi mfululizo utagundua zina tamathali moja kuu, nayo ni kufananisha. Kila dogo ni fulani wa mahali fulani. Messi wa Temeke, Kanté wa Mwanza, Mbappe wa Bongo. Huyu wa mwisho tunamjua kwa jina lake, Kelvin John, mshambuliaji wa Serengeti Boys waliocheza fainali za vijana wa Afrika chini ya miaka 17 mwaka 2019, zilipofanyika kwetu Dar es Salaam. Nchi nzima ilimwita Mbappe kabla hajafikisha miaka 16. Tukafungwa na Nigeria 5-4 kwenye mechi ya ufunguzi, Uganda wakatupiga 3-0, Angola 4-2, tukatoka bila pointi hata moja.

Kelvin John hakupotea. Alisajiliwa na Genk ya Ubelgiji mwaka 2021, na mwaka 2024 akahamia AaB ya Denmark. Kwa kijana wa Kitanzania hiyo ni kazi kubwa, ni safari ambayo wengi hata nauli yake hawaioni. Lakini mitaani bado nasikia watu wakiizungumzia kama vile kuna kitu hakikutimia. Kwa nini? Kwa sababu tulimpa jina la mtu aliyebeba Kombe la Dunia akiwa na miaka 19, halafu tukakaa kumsubiri alipe. Tashbihi nzuri inakuonyesha kitu ambacho ulikuwa hukioni. Hii ya kwetu inafanya kinyume: inamfunika dogo kwa sura ya mtu mwingine. Ukimaliza kusoma kwamba yeye ni Mbappe, bado hujui anapokea mpira kwa mguu gani, anafanya nini beki anapomkaba mgongoni, wala kama anarudi kukaba dakika ya 80 timu ikiwa nyuma.

Tabia ya pili ya lugha hii ni vitenzi vya wakati ujao. Atafika mbali. Atatisha. Atakuja kuwa. Wakati uliopita haupo kabisa, na ndiko ushahidi unakokaa: alicheza mechi ngapi, dhidi ya nani, kwenye uwanja wa namna gani, na mwandishi alizitazama ngapi kwa macho yake. Msimulizi wa riwaya akifanya hivyo, yaani akituambia shujaa wake ni jasiri bila kutuonyesha tendo lolote la ujasiri, tutamrudishia kitabu. Kwa nini huyu wa mpira tunamwachia?

Kuna watu wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi, na wanatoka kwenye mchezo ambao hapa Katavi hakuna anayeucheza. Ni besiboli ya Marekani. Kule mchezaji chipukizi hapelekwi moja kwa moja ligi kuu. Anapitia ngazi za ligi za chini, na siku hizi zipo timu 120 za ngazi hizo zilizofungamanishwa na timu za ligi kuu. Jarida la Baseball America limekuwa likipanga chipukizi bora 100 kila mwaka tangu 1990, na wapenzi wa mchezo huo wanaisubiri orodha hiyo kama sisi tunavyosubiri dirisha la usajili.

Nao wanakosea, tena vibaya. Namba moja wao wa mwaka 1992 aliitwa Brien Taylor, kijana mrushaji ambaye timu ya New York Yankees ilimchagua kabla ya wengine wote mwaka uliotangulia. Desemba 1993 aliumia bega kwenye ugomvi, na hakuwahi kucheza mechi hata moja ya ligi kuu. Upande wa pili yupo Mike Piazza, aliyechaguliwa mwaka 1988 kwenye raundi ya 62, akiwa mtu wa 1,390. Mwaka 2016 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo. Ukiwaweka hawa wawili pamoja unaweza kusema basi, orodha ni upuuzi.

Wenzetu hawakusema hivyo. Walichofanya ni kuiboresha ripoti. Mtazamaji wa besiboli anampa kijana alama kati ya 20 na 80 kwa kila kipengele peke yake: kasi, nguvu ya mkono, uwezo wa kupiga, uwezo wa kudaka. Hamsini ni wastani wa ligi kuu. Kisha anatenganisha alama ya leo na alama anayodhani kijana ataifikia, na anaeleza hatari iliyopo katikati. Kwa hiyo msomaji anaweza kubishana na kipengele kimoja bila kuitupa ripoti nzima. Na kila mechi ya ligi zile za chini ina kumbukumbu iliyoandikwa, kila pigo, kila mrusho, kiasi kwamba mtu aliyeko mbali anaweza kwenda kuhakiki.

Sisi ngazi hiyo ya kumbukumbu hatuna. Hapa Mpanda mechi ya vijana ikiisha pale Kashaulili, kinachobaki ni matokeo, na wakati mwingine hata matokeo wanabishania. Nani alitoa pasi ya bao? Yule beki wa kulia alipokonywa mpira mara ngapi? Hakuna aliyeandika. Sasa fikiria mtu anaandaa orodha ya vijana bora wa Tanzania nzima. Amewaona wa Dar es Salaam kwa sababu anaishi huko. Amewaona wa Mwanza na Arusha kwenye mashindano mawili matatu. Wa Katavi atawajuaje? Atapiga simu kwa mtu anayemfahamu. Mtu huyo atamtajia jina la dogo anayemfahamu. Orodha ikitoka, itakuwa imeandikwa kana kwamba wote kumi wameonwa kwa jicho moja.

Na mara nyingi hata simu haipigwi. Tuangalie ramani. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 ukitolewa kwenye Rukwa. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja. Mpaka leo mkoa huu haujawa na timu Ligi Kuu. Mtu wa Mpanda anayetaka kuiona Simba au Yanga kwa macho anasubiri ziende Kigoma kucheza na Mashujaa au Tabora, tangu timu za mikoa hiyo zilipopanda mwaka 2023. Timu kubwa isipokuja, watazamaji wake hawaji, waandishi wake hawaji, na kamera hazifiki.

Kwa hiyo njia ya mtoto wa huku ni mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari. Shule, kata, wilaya, mkoa, kisha taifa. Ni njia ya heshima na imewatoa wengi. Lakini mlango wake ni mmoja: lazima uwe shuleni. Dogo aliyeacha kidato cha pili akaingia kwenye machimbo ya dhahabu, au anayesukuma msimu wa tumbaku shambani kwa baba yake, au anayeendesha bodaboda ya mtu, huyo anacheza chandimu jioni na hakuna ngazi inayomfikia. Nimewaona vijana wa aina hiyo wakiwasumbua walinzi waliowazidi miaka mitano. Hawamo kwenye kundi ambalo orodha inachagua kutoka humo. Ukisema hawakuchaguliwa utakuwa umekosea, maana ili usichaguliwe lazima kwanza uwe umetazamwa.

Wapo pia wa Katumba na Mishamo. Makazi hayo yalianzishwa kwa ajili ya waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Vizazi viwili vimezaliwa humo, na mpira umechezwa humo miaka yote. Mwaka 2014 serikali ilikamilisha kuwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa kundi hilo la wakimbizi. Kabla ya hapo, mtoto wa Katumba angeweza kuwa na miguu ya aina yoyote na bado jezi ya Serengeti Boys ingekuwa ndoto ya mbali mno. Ni vipaji vingapi vilipita? Hakuna anayeweza kutaja namba, na mimi sitaibuni. Ninachosema ni kwamba orodha za miaka ile zilitumia maneno "bora nchini" bila kusita.

Watu wa hapa wana mfano wao wa jambo hili. Reli iliyoletwa Mpanda kutokea Kaliua ilijengwa kwa sababu ya madini ya risasi. Wataalamu walikuja kwanza, wakapima, wakajua kilichopo, ndipo reli ikafuata. Mchimbaji mdogo wa dhahabu naye hatangazi eneo kuwa halina kitu kwa sababu hajafika. Anachukua jiwe, analitwanga, analiosha kwenye karai, anaangalia kinachobaki chini. Wamarekani wanamwita kijana chipukizi kwa neno ambalo hutumika pia kwenye kazi hiyohiyo ya kutafuta madini. Tumeichukua orodha yao, karai tumeliacha.

Tukitoka kwenye mahali tunakuja kwenye umri, ambao ndio uti wa mgongo wa hadithi nzima. Dogo wa miaka 15 akifunga mabao manne ni muujiza. Akiwa na 19 ni jambo la kawaida. Ukibadilisha namba moja, hadithi yote inaanguka. Tanzania tunalijua hili kwa maumivu: Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 nchini Gambia, kisha tukaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Mwaka 2009 FIFA wakaanza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17.

Lakini hata umri ukiwa wa kweli kabisa, bado kuna mtego. Mashindano ya vijana yanahesabu kuanzia Januari 1. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanawekwa kundi moja, na kwenye umri wa miaka 13 miezi kumi na moja ni mwili mwingine kabisa. Watafiti waliliona hili tangu miaka ya 1980 kwenye hoki ya Kanada: timu za vijana zilijaa waliozaliwa miezi ya mwanzo. Yule mkubwa anapangwa, anapangwa tena, anapata mechi nyingi, anazidi kuwa mzuri kweli. Yule mdogo anaambiwa asubiri, na akichoka kusubiri tunasema hakuwa na moyo. Orodha inayomsifia dogo kwa "umbo" na "nguvu" inatakiwa ituambie kwanza amezaliwa mwezi gani.

Wapenzi wa vitabu wasidhani wako salama. Sisi nasi tuna orodha zetu. Mwaka 1983 jarida la Granta la Uingereza lilitangaza waandishi 20 bora vijana wa riwaya wa nchi hiyo, wote chini ya miaka 40. Lilikuwa na jicho: kwenye orodha ile alikuwemo Kazuo Ishiguro, aliyekuja kupata Nobel mwaka 2017. Mwaka huohuo wa 1983 alikuwepo Mzanzibari wa miaka 34 ambaye hakuwa amechapisha riwaya. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah naye alipata Nobel.

Sisemi Granta walikosea. Wangewezaje kumsoma mtu ambaye hajachapwa? Hapo ndipo mfano unapotufaa. Orodha ya Granta ilijieleza: ni waandishi wa riwaya, ni wa nchi fulani, ni wa umri fulani. Msomaji akiishika anajua mipaka ya shamba. Aliye nje ya mipaka hiyo hakuambiwa kwamba hana kitu.

Najua pingamizi linalokuja. Rafiki zangu wanaoandika orodha hizi wananiambia, bila sisi huyo dogo wa mkoani hata jina lake lisingetajwa, afadhali nusu shari. Wana ukweli. Jina likichapishwa, kocha fulani analisoma, wakala fulani anauliza. Mzazi aliyekuwa anamkataza mtoto mpira anaanza kumwangalia kwa jicho jingine. Lakini tukumbuke mlango mkubwa kuliko yote ulivyofunguka. Mwaka 2011 Simba walikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Mazembe wakashinda, na walipomaliza wakamtaka straika wa Simba aliyekuwa na miaka 18. Mbwana Samatta akaenda Kongo, mwaka 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akaenda Genk, akaenda Aston Villa, na Machi 2020 akafunga bao kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mazembe hawakuhitaji mtu wa kuwaandikia. Walimwona dakika 90, halafu dakika 90 nyingine. Orodha inaweza kumwita mtu aje atazame. Kazi ya kutazama yenyewe haiwezi kuifanya.

Basi tudai nini? Mimi nadai vitu vichache, na vyote vinawezekana hata kwa mwandishi asiye na bajeti. Kwanza, kila jina liandikwe limeonwa mara ngapi na wapi, na kama mwandishi ameambiwa tu, aseme ameambiwa. Pili, sifa zitenganishwe, ili tujue kasi ni ya leo na pasi ni ya matumaini. Tatu, waache namba. Tofauti kati ya wa nne na wa saba haipo, ni pambo. Makundi matatu yanatosha: walio tayari, wanaokaribia, na wa kufuatiliwa. Nne, orodha irudiwe. Gazeti la The Guardian la Uingereza limekuwa likitoa orodha yake ya vijana wa dunia tangu 2014, na linarudi mwaka baada ya mwaka kuonyesha kila mmoja amefikia wapi. Hilo ndilo linaloifanya iwe maandishi ya kuheshimika. Zetu zinazaliwa Jumatatu na kufa Ijumaa, na mwaka unaofuata zinakuja mpya kana kwamba za zamani hazikuwahi kuwepo.

Na la tano, mwandishi aseme ambako hakufika. Mstari mmoja tu chini ya orodha: sijaona mechi yoyote ya Katavi, Rukwa wala Kigoma mwaka huu. Mstari huo hauna aibu. Kwa kocha wa hapa ni silaha, kwa sababu anaweza kuupeleka kwa chama cha mkoa na kusema, oneni, hatujatazamwa, tufanye nini ili tutazamwe? Orodha inayosema "bora nchini" inamnyima hata swali hilo.

Naandika haya kwa sababu wasomaji wakubwa wa orodha hizi ni madogo wenyewe. Wanazisoma kwenye simu za kuazima, wanajua nani wa ngapi, na wanajilinganisha. Wapo wanaoacha shule kwa sababu ya kuwemo. Wapo wengi zaidi wanaoacha mpira kwa sababu ya kutokuwemo, wakiamini kwamba kuna mtu mwenye ujuzi aliwapima wakapungua. Kumbe mtu huyo hajawahi kuvuka Tabora. Mtoto akiambiwa hajaonwa, kesho atarudi uwanjani. Akiambiwa hatoshi, atauza viatu.